Samaki na mboga nyumbani Tanga: tuta la kokoto, maboya, bomba au bwawa la kawaida?

Ukitafuta habari za akwaponiki, yaani kufuga samaki na kuotesha mboga kwa maji yale yale, utakutana kwanza na picha. Mabomba meupe yamepangwa ngazi kwa ngazi, saladi imechanua kila tundu, chini kuna tangi la sato. Nyingi ya picha hizo zimepigwa kwenye nchi za baridi, ambako umeme haukatiki na vifaa vinaletwa hadi mlangoni. Sisi tuko Ngamiani, Makorora, Chumbageni na Kange. Joto letu, umeme wetu, maji yetu na hata kokoto zetu vina tabia zake, na hivyo ndivyo vinavyoamua mfumo upi utafika mwaka wa pili. Kwa hiyo hapa nalinganisha njia nne kwa mizani ya Tanga, na sitaficha ninayoiona bora kwa nyumba nyingi.

Kwanza kazi yenyewe inavyokwenda, maana bila kuielewa hutajua unalipia nini. Samaki anakula, na kupitia matamvua na kinyesi anatoa amonia, ambayo ni sumu kwake mwenyewe. Kuna bakteria wanaojishika kwenye kokoto, kuta za tangi na mizizi. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati. Nitrati ni mbolea. Mboga inaichukua, na maji yanarudi kwa samaki yakiwa yanafaa. Bakteria hao huhitaji wiki 4 hadi 6 kujijenga. Anayejaza tangi samaki wengi siku ya kwanza huwaua, hata awe na vifaa ghali namna gani. Aliye na jirani mwenye mfumo unaofanya kazi aombe ndoo moja ya kokoto zake zikiwa bado mbichi azichanganye na zake, atafupisha safari hiyo.

Tuta la kokoto

Hili ni boksi la mbao lililotandikwa turubai, au dumu la lita 1,000 lililokatwa, lenye kina cha sentimita 30 na kujazwa kokoto za milimita 8 hadi 20. Pampu inapandisha maji kutoka kwenye tangi la samaki, tuta linajaa, kisha maji yanashuka yenyewe na kuvuta hewa kwenye mizizi. Unaweza kuyashusha kwa bomba lenye kofia ambalo hujimwaga maji yakifika juu, au kwa taimu ya umeme inayowasha pampu dakika 15 kila saa. Mimi napendelea taimu, kwa sababu bomba la kofia linataka marekebisho ya mara kwa mara na pampu ikidhoofika kidogo linakataa kujimwaga.

Uzuri wa tuta ni kwamba kokoto zinafanya kazi tatu kwa mpigo: zinashika mizizi, zinachuja kinyesi, na zinakaliwa na bakteria. Huhitaji chujio la pembeni. Maji yakiishia sentimita 5 chini ya uso wa kokoto, juu panabaki pakavu, kwa hiyo ukungu wa kijani hauoti na mbu hawapati pa kutagia. Kwa mji wa pwani wenye malaria na dengi hilo si jambo dogo.

Ubaya wake ni uzito. Mita moja ya mraba yenye kina hicho inabeba karibu nusu tani ya kokoto kabla ya maji. Usiliweke juu ya slabu ya nyumba bila kumuuliza fundi anayejua slabu hiyo ilisukwa nondo gani, na miguu ya mbao nyepesi isahau.

Jambo la pili ni kokoto zenyewe, na hapa nakaa kidogo kwa sababu ndipo Tanga inapotofautiana na sehemu nyingine. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya chokaa. Mapango ya Amboni ni mawe ya chokaa yaliyoliwa na maji, na kiwanda cha saruji kiko Pongwe kwa sababu hiyo hiyo. Kokoto nyeupe au za kijivu hafifu zinazomwagwa na lori mtaani kwako zina uwezekano mkubwa wa kuwa za chokaa. Ukizitia kwenye tuta zinayeyuka kidogo kidogo na kuipandisha pH, yaani kipimo cha tindikali na alkali ya maji, hadi 8 au zaidi. Hapo mambo mawili yanatokea. Mboga inashindwa kuchukua madini ya chuma, majani machanga yanakuwa ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Na amonia, ambayo kwenye pH 7 sehemu ndogo sana ndiyo yenye sumu kali, ikifika pH 8 sehemu hiyo inaongezeka mara tisa hivi kwa joto la maji yetu. Samaki wanaumia kwa chakula kile kile ulichokuwa ukiwapa jana.

Kupima ni rahisi. Chukua kokoto tano kutoka sehemu tofauti za lundo, zioshe, zikaushe, kisha dondoshea siki ya dukani juu yake na sogeza sikio. Ikichemka na kutoa vipovu vidogo, hiyo ni chokaa, mwambie dereva apakie arudi nazo. Ikikaa kimya tu imelowa, nunua. Kokoto za mwamba mgumu wa bara, upande wa Muheza na Korogwe kuelekea milimani, ndizo zinazofaa. Zikikosekana, vipande vya matofali ya kuchoma vilivyopondwa na kuoshwa vizuri vinafanya kazi, na ni vyepesi zaidi.

Maboya

Kwenye njia hii mboga zinaelea. Unakuwa na hori refu lenye maji ya kina cha sentimita 30, juu yake ubao wa povu jeupe kama lile la maboksi ya kubebea samaki, umetobolewa matundu, na kila tundu lina kikombe chenye mche. Mizizi inaning'inia majini. Mche unashikwa kwa usumba wa nazi, ambao kwetu hauna gharama, mradi uuloweke na kuusuuza mara kadhaa ili utoe chumvi na rangi.

Kwa mtu anayetaka kuuza mchicha, chainizi au figiri kila wiki, sioni njia inayoshinda maboya. Unavuna kwa kunyanyua ubao, unapanda mwingine, hakuna palizi. Tena maji ni mengi, na maji mengi hayabadiliki joto haraka wala hayachafuki ghafla.

Lakini kinyesi hakina pa kushikwa. Lazima uweke pipa la kutulizia uchafu kati ya tangi na hori, na pipa la pili lenye vyavu au vifuniko vya chupa vya plastiki kwa ajili ya bakteria, na uyasafishe kila wiki. Ukiacha, mizizi inavaa tope la kahawia, inanuka, na mmea unanyauka ukiwa umesimama kwenye maji. Hori nalo linahitaji hewa yake mbali na ile ya tangi. Na kingo zote zifunikwe kwa chandarua, kwa sababu pale ubao unapoachana na ukuta hata upana wa kidole, mbu anatosha kupita. Usidhani utamaliza mbu kwa kuweka vifaranga vya sato chini ya maboya; sato wanapenda mizizi na wataila.

Bomba

Haya ndiyo ya kwenye picha. Utando mwembamba wa maji unapita ndani ya bomba la plastiki na mizizi inakunywa. Yanachukua nafasi ndogo na yanapendeza ukutani. Kwa Tanga siyashauri kwa anayeanza. Bomba likipigwa na jua la Februari maji membamba ndani yake yanapata moto haraka, na moto huo unarudi hadi kwa samaki. Mizizi ikikua inaziba njia, uchafu unakwama nyuma yake, mimea ya mwisho wa mstari inakosa. Umeme ukikatika mchana, mizizi haina akiba ya maji, na baada ya muda mfupi majani yanalala. Kama una kibaraza chenye kivuli siku nzima na unataka mnanaa na mrehani tu, sawa. Zaidi ya hapo, fedha za mabomba nunulia kokoto.

Bwawa na bustani ya kawaida

Wengi wanaoniuliza kuhusu akwaponiki wana kiwanja Pongwe au Kange chenye udongo mzuri na nafasi ya kutosha. Hao nawaambia wazi: huenda hamuihitaji. Chimba bwawa la mita 2 kwa 3, kina mita 1, tandika turubai zito kwa sababu udongo wa kichanga hautunzi maji, na utakuwa na lita 6,000. Weka samaki 3 hadi 5 kwa kila mita ya mraba. Kila unapomwagilia mboga, chota maji ya chini ya bwawa, yenye uchafu, umwagie matuta ya kawaida. Kisha jazia maji mapya. Mboga inapata mbolea, samaki wanapata maji safi, na hakuna pampu wala taimu.

Udongo unasamehe mengi ambayo kokoto hazisamehe. pH ikiwa juu kidogo, samadi na mboji vinasaidia. Kinachopotea ni maji, kwa sababu yanayomwagwa hayarudi, na hapo ndipo akwaponiki inapostahili sifa yake: inapoteza maji kwa mvuke na kwa jani tu. Anayenunua maji kwa dumu aizingatie tofauti hiyo. Na bwawa lolote lililo chini, hata la kina cha kiuno, liwekewe uzio wa kweli wenye mlango unaofungwa. Mtoto wa jirani haombi ruhusa kuja kuangalia samaki.

Umeme ukikatika

Maji ya moto hubeba hewa kidogo. Kwenye nyuzi 20 maji yaliyoshiba hewa yana miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita. Kwenye nyuzi 30 yanabaki na 7 na nusu. Sato anataka 5 au zaidi ili akue vizuri. Kwa hiyo usiku wa joto, tangi limejaa samaki na pampu imezimika, akiba ni ndogo mno. Ukiamka alfajiri ukawakuta wote juu wanapiga midomo, hawana njaa, wanatafuta hewa. Usiwape chakula, chota maji kwa ndoo na uyamwage kutoka juu mpaka watulie.

Mwongozo wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, wa mwaka 2014 wa akwaponiki ndogo unataja ukomo wa kilo 20 za samaki kwa lita 1,000. Kwa hapa kwetu naishia kilo 10. Nusu ya samaki inakupa muda mrefu zaidi umeme ukikatika, na kulala bila wasiwasi kuna thamani. Pampu ya wati 25 ikiwaka saa zote inakula uniti 18 kwa mwezi. Aliye kwenye tarifa ya matumizi madogo yenye ukomo wa uniti 75 azijumlishe kabla hajaanza. Kwa tuta lenye taimu ya dakika 15 kwa saa, pampu inakula robo ya hizo, lakini ongeza pampu ndogo ya hewa isiyozimwa. Ya betri ikiwepo, au pampu ya volti 12 yenye sola yake, utakuwa salama zaidi kuliko kutegemea waya mmoja.

Kwa kipimo hiki peke yake, bwawa ni la kwanza, tuta la pili, maboya karibu nalo, na bomba liko mbali nyuma.

Maji yako ni yapi?

Maji ya bomba ya jijini yanatoka Mto Zigi kupitia bwawa la Mabayani, ni maji yasiyo na chumvi na yanafaa mifumo yote. Yana klorini, hivyo yaache wazi kwenye tangi siku moja au mbili, hewa ikipigwa, kabla ya samaki.

Visima vya karibu na bahari ni hadithi nyingine. Ukionja ukasikia chumvi ulimini, perege anaweza kuishi humo bila shida kubwa, lakini saladi, maharage na pilipili vitakataa. Spinachi inavumilia kidogo. Maji ambayo sabuni haitoi povu yana chokaa nyingi, na yatakuletea tatizo lile lile la pH hata kama kokoto zako ni safi. Dawa yake ni mvua. Bati la nyumba ya kawaida wakati wa masika linajaza simtanki haraka, na maji ya mvua ukiyachanganya nusu kwa nusu na ya kisima unapata kitu kinachofaa. Kwa mwenye kisima cha chumvi asiye na pa kuvunia mvua, fuga perege peke yake, mboga ulime kwa maji mengine.

Sato au kambale

Kwa kuishi, kambale anashinda. Ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu, umeme ukikatika usiku kucha utamkuta mzima asubuhi. Anavumilia maji machafu na anakua haraka. Lakini wakubwa wanakula wadogo, ni lazima uwatenganishe kwa ukubwa kila baada ya wiki chache, na tangi lifunikwe kwa wavu uliofungwa maana anaruka na kutambaa. Chakula chake kinataka protini nyingi kuliko cha sato. Tena kuna suala la mezani: watu wa pwani tumezoea changu na kibua, na wapo ambao kwa imani au mazoea hawali samaki asiye na magamba. Uliza jikoni kabla ya kununua vifaranga.

Sato na perege hawana ubishi huo. Wanakaangwa, wanapakwa nazi, kila mtu anakula. Udhaifu wao ni kuzaa mapema. Tangi likiwa na dume na jike, ndani ya miezi michache unakuwa na kundi la vidagaa vinavyokula chakula na visivyokua. Nunua vifaranga vya dume tupu, na muulize muuzaji aliwapataje. Kwa ushauri, muone afisa uvuvi wa halmashauri yako. Na wanaotaka kusoma zaidi, Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, wana chuo Mbegani, Bagamoyo.

Na tafadhali, samaki wa ziada usiwamwage Zigi wala Pangani. Mito yetu ina perege wake wa asili, akiwemo yule ambaye jina lake la kisayansi linabeba jina la Korogwe. Sato wa kutoka maziwa ya bara huzaliana nao, na tukishawachanganya hatuwezi kuwatenganisha.

Kwa tangi la lita 1,000 nachagua sato 30. Wakifika robo tatu ya muda wao wa kukua watakula wote kwa pamoja gramu 100 hadi 200 kwa siku, kiasi kinacholisha mita za mraba 2 hadi 4 za mboga za majani. Tumia punje zinazoelea; pumba na dagaa za kusaga zinafaa bwawani, lakini kwenye tangi zinachafua maji kuliko faida yake. Hesabu kilo moja na nusu hadi mbili za chakula kwa kila kilo ya samaki. Kilo 10 za sato baada ya miezi 6 hadi 8 si biashara, ni kitoweo. Faida ya kila siku iko kwenye mboga.

Upande wa mboga, usishindane na Lushoto. Kabichi, karoti na saladi zinashuka kutoka milimani zikiwa nzuri na rahisi, na saladi kwenye joto letu inakimbilia kutoa maua na kuwa chungu. Otesha kinachopenda joto na kinachonyauka kikisafirishwa: mchicha, matembele, figiri, mnafu, bamia, giligilani kwenye kivuli. Matembele kwenye kokoto hayana mpinzani, unakata na yanarudi.

Wadudu wakija, mkono na maji ya kupuliza. Chochote unachopulizia jani kinaishia kwa samaki. Hata dawa za asili si salama hapa: maji ya mwarobaini yanawadhuru, na utupa, ambao wakulima wanausifu kwa kuua wadudu, ndio ule ule ambao wavuvi waliutumia kulevya samaki mtoni.

Ukiniuliza basi uanze na kipi: una uwanja na maji ya kutosha, bwawa, una ua mdogo wa nyumba mjini, tuta la kokoto lenye taimu, una mteja wa mboga wa uhakika na mtu wa kusafisha mapipa kila wiki, maboya. Anza Oktoba, joto likipanda, ili bakteria wajijenge upesi. Vifaranga waingie Novemba. Sato watafikia saizi ya sahani kati ya Mei na Julai, kusi ikiwa imeshika bahari, ngalawa nyingi zimelala na bei ya samaki pale soko la Deep Sea imepanda.